"Mtandao Unasumbua" Si Jibu la Kibiashara

Kuna sentensi ambayo kila aliyewahi kuingia ofisini Mbeya au Iringa anaijua kwa moyo: "Mtandao unasumbua." Inasemwa kwa sauti ya kulegea, macho yakiwa bado kwenye simu, na ikishasemwa hakuna anayethubutu kuuliza swali la pili. Ni kama umetangaziwa msiba. Unapewa pole, unaambiwa pitia kesho, unarudi zako Kabwe au Miyomboni kutafuta daladala.

Mimi leo nasema sentensi hiyo ni uongo. Mtandao unasumbua kweli, hilo sibishi. Uongo ni pale tunapoifanya hiyo kuwa sababu ya kazi kulala. Barua pepe ya kampuni haiui biashara kwa sababu seva imezimika. Inaua kwa sababu ndani ya ile kampuni hakuna mtu aliyewahi kukaa hata nusu saa akajiuliza: hiki kitu kikizimika, tutafanyaje?

Nitoe mfano mmoja, jina naliweka kapuni. Kuna wafanyabiashara wa mbao kule Mafinga walikuwa na mteja nje ya nchi. Seva ya barua pepe yao ikalala siku nne. Mteja akaandika Jumatatu kuuliza bei na tarehe ya mzigo. Kimya. Akaandika tena Jumatano. Kimya. Ijumaa akaandika ya tatu, fupi, ya kuwashukuru na kuwaambia amepata mzigo kwingine. Jumamosi seva ikaamka na barua zote tatu zikaingia kwa mpigo. Naomba msomaji wangu uliangalie hilo vizuri: hakuna barua hata moja iliyopotea. Kilichopotea ni mteja. Na namba yake ya simu walikuwa nayo! Ilikuwa ndani ya barua pepe zake za zamani, kwenye seva ileile iliyolala.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu. Wengi tunadhani barua pepe ni kama bomba la maji, likikatika kila kitu kinamwagika. Sivyo. Utaratibu unaotumika mpaka leo kusafirisha barua pepe uliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982, enzi ambazo mashine kuzimika lilikuwa jambo la kila siku. Kwa hiyo ulijengwa kwa kutegemea kwamba upande wa pili unaweza kuwa umelala. Seva inayotuma ikibisha hodi isijibiwe, haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni, inasubiri, inajaribu tena, na tena. Hata majibu yake yamepangwa kwa namba: jibu linaloanza na 4 maana yake ni njoo baadaye, na linaloanza na 5 maana yake ni usirudi tena.

Na sisi Waafrika Mashariki tumeuishi ustahimilivu huo kabla ya intaneti yenyewe kutufikia sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kwenye mradi ulioitwa ESANET pamoja na Nairobi, Makerere na vyuo vikuu vya Zambia na Zimbabwe. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta, halafu modemu ikapiga simu ya kawaida, ile ya waya, ikazipeleka kwa mkupuo na kuleta zilizokuwa zinasubiri upande wa pili. Laini ikikatika, wanajaribu tena. Kazi za kitaaluma zilienda kwa njia hiyo. Leo tuna Mkongo wa Taifa unaopita Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, tuna nyaya za baharini tangu Seacom ilipofika 2009 na EASSy 2010, halafu eti tunashindwa kuhimili siku mbili za kukatika! Kilichopungua si mitambo.

Sasa basi, hiyo foleni inasubiri mpaka lini? Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kanuni za kimataifa zinapendekeza seva inayotuma ivumilie siku nne hadi tano. Programu ya Postfix, inayotumika kwenye seva nyingi duniani, ikiachwa ilivyo husubiri siku tano. Exchange ya Microsoft ile ya kufunga ofisini husubiri siku mbili. Exchange ya mtandaoni, ambayo kampuni nyingi kubwa zimehamia, hukata tamaa baada ya saa 24. Kwa maneno mengine, seva yako ikilala una kati ya siku moja na tano kabla barua za wateja hazijaanza kurudishwa kwao zikiwa na ujumbe kwamba hupatikani. Bosi anayesema "tusubiri fundi arudi kutoka Dar wiki ijayo" anachezea dirisha hilo bila kujua kama lipo.

Mkitaka kuona hesabu hiyo kwa ukubwa wake, kumbukeni mwaka 2025. Tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Hesabu mwenyewe: siku tano. Kampuni iliyokuwa na seva yake ndani ya ofisi, iwe Uyole au Gangilonga, na iliyoandikiwa asubuhi ile na mteja wa ng'ambo, ilikuwa inakaribia ukingo kabisa wa uvumilivu wa Postfix, na ilikuwa imeshavuka zamani uvumilivu wa Exchange. Kampuni ambayo sanduku lake lilikuwa kwenye seva za nje ya nchi, barua zake zilipokelewa na kutunzwa. Tatizo likabaki kwamba wenyewe hawakuweza kuzisoma. Msiba ni mmoja lakini vifo ni viwili tofauti, na mpango wa kuukabili kila kimoja ni tofauti. Ni kampuni ngapi za mjini kwetu ziliijua tofauti hiyo kabla ya siku ile?

Na kabla ya hapo, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kule baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu watu wakaingia kazini kukuta kurasa hazifunguki. Nyaya mbili zikatufundisha kwamba kuwa na njia mbili si kuwa na usalama kama zote zinapita bahari moja na kukatika siku moja. Tulilalamika wiki nzima, halafu huduma ikarudi, tukasahau.

Siongezi habari ya umeme, maana hiyo kila mtu anayo ya kwake. Iringa tumepakana na bwawa la Mtera lenye megawati 80, Kihansi yenye megawati 180 iko milimani hapohapo tukipakana na Morogoro, na bado mgao wa 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 ulitukuta kama wengine. Seva iliyowekwa chini ya meza ya mhasibu bila hata betri ya akiba, hiyo ni mapambo.

Najua majibu mtakayonipa, maana nimeyasikia kuanzia Mwanjelwa mpaka Kihesa. Nitayajibu matatu.

La kwanza: "Sisi tunatumia Gmail, Google haizimiki." Inazimika. Tarehe 14 Desemba 2020, mchana wa saa nane na ushee kwa saa zetu, huduma za Google zilizohitaji kuingia kwa akaunti zilianguka duniani kwa muda usiofika saa moja. Mtasema ni kidogo. Ubaya ulikuja na hitilafu ya pili, iliyofika mpaka kesho yake, pale Gmail ilipoanza kujibu baadhi ya barua kwa namba 550. Mnakumbuka nilichosema juu ya namba inayoanza na 5? Maana yake ni kwamba anwani hii haipo, usirudi. Barua za watu waliopo, wazima kabisa, zilirudishwa kwa waliozituma kana kwamba wenyewe wamekufa. Google wakarekebisha siku hiyohiyo, lakini barua iliyorudishwa hairudi yenyewe. Mpaka mtumaji aamue kuituma upya. Na ukiwa unatumia akaunti ya bure ikafungwa, utampigia simu nani? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

La pili: "Tuna WhatsApp." Hili ndilo jibu la nchi nzima sasa. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa kumi na mbili na ushee jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vilitoweka kwa takriban saa sita. Amri moja iliyokosewa wakati wa matengenezo iliondoa njia zao kwenye ramani ya intaneti, na hata wafanyakazi wa kampuni yenyewe zana zao za ndani zikawagomea. Lakini tuseme hata isingezimika. WhatsApp ya biashara yako iko kwenye simu ya nani? Ya yule dada wa mapokezi. Akiacha kazi anaondoka na laini yake, na humo ndani mna maagizo, bei, makubaliano na risiti za miaka mitatu. Mkifikishana mahakamani utatoa kumbukumbu gani? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini haiwezi kukutambulia kumbukumbu usiyokuwa nayo.

La tatu, na ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Tuna kijana wetu wa IT anashughulikia." Kijana wenu wa IT mnamlipa shilingi ngapi? Mnampa mkataba? Mara nyingi ni mtoto wa jirani aliyesajili domeni ya kampuni, lile jina linaloishia na .co.tz, kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu, kwa sababu siku ile bosi hakutaka kusumbuliwa na mambo ya neno la siri. Leo kijana yuko Dodoma kapata kazi. Domeni ni yake kwa makaratasi, seva anaijua yeye, na siku ikizimika kampuni nzima inamtafuta hewani mtu ambaye walikuwa wanamlipa nauli. Simlaumu kijana. Namlaumu bosi anayefunga stoo ya mbolea kwa kufuli mbili na kuacha ufunguo wa kampuni yake mfukoni mwa mtu asiye na hata barua ya ajira.

Na msidhani kulipia ndiyo kupona. Februari 2019 mdukuzi aliingia kwenye kampuni ya Marekani iitwayo VFEmail akafuta seva zake pamoja na nakala za akiba; barua za wateja za karibu miongo miwili zikaondoka. Desemba 2022 kampuni kubwa ya Rackspace ilivamiwa na wahalifu wanaodai fidia, huduma yake ya Exchange ikazimika, na wateja, wengi wao wafanyabiashara wadogo, wakahamishiwa kwingine harakaharaka. Huduma ile haikufufuliwa. Hao walikuwa wanalipa kila mwezi bila kukosa. Waliopata nafuu ni waliokuwa na nakala zao wenyewe.

Kwa hiyo kifanyike nini? Nitasema kwa lugha ya sokoni, maana hili jambo limeharibiwa na watu wanaolisema kwa majina ya kutisha ili walipwe zaidi.

Kwanza, domeni iandikwe kwa jina la kampuni, na watu wawili, mmoja akiwa mwenye kampuni, wawe na uwezo wa kuingia. Kisha usimamizi wa domeni usikae nyumba moja na barua pepe. Ukiviweka vyote kwa kampuni ileile ikaanguka, huwezi hata kuhama. Vikitengana, siku seva ikifa unabadilisha rekodi za MX, zile zinazoiambia dunia barua zako zipelekwe wapi, unazielekeza kwingine, na barua zilizokuwa kwenye foleni za watu zinakufuata huko. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa na seva nyingine. Ukiuweka saa moja badala ya siku nzima, ukihama wengi watajua ndani ya saa moja hivi. Hili ni jambo la kupanga siku ya amani, siku ya vita umechelewa.

Pili, nakala. Kuwa na barua kwenye kompyuta ya ofisi kupitia Thunderbird au Outlook ni vizuri, utazisoma hata bila intaneti. Ila mjue kwamba kwa mpangilio unaotumika zaidi siku hizi, kompyuta inafuata seva: kikifutwa kule na huku kinafutwa. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nakili kwenye diski ya nje, ichomoe, ifungie kwenye droo. Wazee wetu wa Ismani hawakusubiri njaa ndipo wajenge kihenge.

Tatu, karatasi. Ndiyo, karatasi! Ukurasa mmoja uliochapwa wenye namba za simu za wateja wakubwa ishirini, benki, wakala wa forodha Tunduma, msafirishaji, kampuni inayotunza domeni na inayotunza seva. Ukae ukutani kwa mhasibu na mwingine nyumbani kwa bosi. Wale ndugu wa Mafinga wangekuwa na ukurasa huo, Jumatatu ileile wangepiga simu moja: "Mkuu, barua pepe yetu imelala, kama umetuandikia tuambie hapahapa." Simu ya dakika mbili.

Nne, anwani ya dharura, ijulikane kwa wateja kabla ya dharura. Hapa naomba tuwe makini, maana matapeli wanapenda sana siku za kuchanganyikiwa. Mteja anapokea barua kutoka anwani ngeni: "Seva yetu ina tatizo, tafadhali lipia kwenye akaunti hii mpya." Mtindo huo wa kughushi barua za kibiashara uliripotiwa kwa FBI ya Marekani kuwa umesababisha hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake. Kwa hiyo wekeni kanuni moja na muwaandikie wateja wote: hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe, hata siku moja, ukiona hivyo, piga namba unayoijua.

Tano, jaribuni. Chagueni Jumamosi moja, mchomoe waya, muone kazi inaendaje kwa saa tatu. Mtagundua mambo ambayo mshauri wa milioni tatu asingewaambia.

Najua kuna atakayesema hizi ni habari za Dar, huku mikoani wateja wanakuja kwa miguu. Ndugu yangu, zabuni za serikali tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST. Usajili wa kampuni BRELA unafanyika mtandaoni. Kote huko anwani ya barua pepe ndiyo kitambulisho chako, ndiko zinakoletwa taarifa na ndiko unakorudishiwa neno la siri ukilisahau. Mwenye parachichi Rungwe, mwenye kahawa Mbozi, mwenye mchele Mbarali, wote wanunuzi wao wanaandika. Na kwa kuwa tuko mbali na Dar, fundi wetu anachelewa zaidi kufika. Umbali ni sababu ya kujipanga mara mbili. Haujawahi kuwa ruhusa ya kukaa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya hoja yangu. Haiwezekani uwaambie wananchi zabuni ni mtandaoni, kodi ni mtandaoni, leseni ni mtandaoni, halafu uwe na mkono kwenye swichi. Mfanyabiashara anaweza kujipanga dhidi ya waya kukatwa baharini na dhidi ya mgao. Hawezi kujipanga dhidi ya nchi nzima kuzimwa. Diski ya nje na karatasi ukutani vitamsaidia kusoma ya jana. Ya leo hayataingia. Anayeagiza kuzima angalau atangaze kwamba tarehe zote za mwisho zilizoangukia siku hizo zinasogezwa mbele, bila mtu kuomba. Huo si upendeleo, ni hesabu: umechukua siku tano za watu, warudishie siku tano.

Nimalizie na nyinyi mnaosoma hapa, maana nawajua. Wengi mmemaliza MUST, Mkwawa, Ruaha au Chuo Kikuu cha Iringa, mna vyeti kwenye bahasha ya kaki, na mnasubiri tangazo la ajira. Kila mtaa wa biashara kuanzia Sokomatola mpaka Mshindo una kampuni tano zisizojua domeni yao imeandikwa jina la nani. Nenda na karatasi moja yenye mambo matano. Muulize mwenye duka swali moja tu: "Mzee, barua pepe ikilala leo, kesho saa mbili asubuhi unafanya nini?" Akinyamaza, umepata kazi. Akisema mtandao ukisumbua tunasubiri, umepata kazi ya haraka.

Nawasilisha.